Mnyororo na mkanda katika magari madogo ya mashindano

Mnyororo (mafundi wengi huuita cheni) na mkanda wenye meno ni njia mbili za kupeleka nguvu kutoka kwenye injini au giaboksi hadi kwenye ekseli ya nyuma ya gari dogo la mashindano. Magari hayo ni mepesi na mara nyingi huendeshwa kwa injini ya pikipiki au mota ya umeme. Mifano yake ni magari ya Formula SAE na Formula Student yanayoundwa na wanafunzi wa vyuo vikuu, karti, na zamani magari ya Formula 3 yenye injini za sentimita za ujazo 500.

Magari mengi ya aina hii hutumia mnyororo. Mkanda hauhitaji mafuta, hauna kelele nyingi na unaweza kudumu muda mrefu, lakini unadai mambo mengi yawe yameamuliwa mapema: uwiano wa gia, umbali kati ya mihimili, nafasi ya puli na ugumu wa fremu. Mnyororo huvumilia mabadiliko na kasoro ndogo za utengenezaji. Kwa hiyo uchaguzi hutegemea zaidi hali ya gari na ya timu kuliko nguvu ya injini peke yake.

## Muundo

### Mnyororo

Mnyororo wa rola una vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa pini. Kila pini hupita ndani ya bushi, na nje ya bushi kuna rola inayokaa kati ya meno ya sproketi. Umbali kutoka pini moja hadi nyingine huitwa hatua ya mnyororo.

Minyororo ya pikipiki hutambuliwa kwa namba za tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza huonyesha hatua kwa kuhesabu sehemu za nane za inchi, na mbili za mwisho huhusu upana wa ndani.

* 428: hatua ya mm 12.7. Hutumika kwenye pikipiki nyingi ndogo, zikiwemo za bodaboda, na kwenye karti zenye giaboksi.
* 520: hatua ya mm 15.875 na upana wa ndani wa mm 6.35. Hutumika sana kwenye magari ya Formula SAE.
* 525 na 530: hatua ni ileile ya 520, lakini ni mipana zaidi na mizito zaidi.

Karti nyingi zisizo na giaboksi hutumia mnyororo mdogo wa 219, wenye hatua ya mm 7.774. Namba hii haifuati kanuni ya sehemu za nane iliyotajwa hapo juu.

Baadhi ya minyororo ina pete za mpira zinazozuia grisi isitoke kwenye pini. Hudumu zaidi, lakini ni mipana kidogo na huongeza msuguano. Minyororo isiyo na pete hupendwa katika mbio fupi, kwa sharti kwamba itiwe mafuta mara kwa mara.

### Mkanda

Mkanda unaozungumziwa hapa una meno upande wa ndani, nayo hukaa katika mifereji ya puli. Hauwezi kuteleza kama mkanda bapa wa kawaida. Mwili wake ni wa mpira au poliurethani, na ndani yake hupita kamba za aramidi, nyuzi za kaboni au kioo ambazo ndizo hubeba mzigo. Mikanda ya kazi nzito huwa na hatua ya mm 8 au 14. Kwa mfano, mikanda ya Gates Poly Chain yenye hatua ya mm 8 hutengenezwa kwa upana wa mm 12, 21, 36 na 62.

Mkanda huu usichanganywe na mkanda wenye umbo la V unaotumika katika giaboksi zinazobadili uwiano bila hatua. Huo hufanya kazi kwa msuguano na huonekana kwenye skuta na kwenye magari ya Baja SAE.

## Historia

Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alipata hataza ya mnyororo wa bushi na rola mwaka 1880. Baadaye mnyororo ulitumika kwenye baiskeli, pikipiki na magari mengi ya mwanzo.

Kampuni ya GN ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1910 na H. R. Godfrey na Archibald Frazer-Nash, ilitengeneza magari mepesi yenye minyororo. Magari ya Frazer Nash yaliyofuata katika miaka ya 1920 na 1930 yaliendelea na mpango huo: kila gia ilikuwa na mnyororo wake, na ekseli ya nyuma haikuwa na difu. Aliyetaka uwiano mwingine kwa ajili ya mashindano aliweza kubadili sproketi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Charles Cooper na mwanawe John walitengeneza gari la mashindano lenye injini ya pikipiki ya JAP mwaka 1946. Injini iliwekwa nyuma ya dereva, kwa kuwa hapo mnyororo ungeweza kufika kwenye ekseli kwa njia fupi. Madaraja ya sentimita za ujazo 500 yalifanywa kuwa Formula 3 ya kimataifa mwaka 1950. Stirling Moss alianza kujulikana akiendesha gari la aina hii la Cooper mwaka 1948. Magari makubwa zaidi ya Cooper, ambayo nayo yalikuwa na injini nyuma ya dereva, yalimpa Jack Brabham ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960, ingawa hayo hayakutumia mnyororo.

Mkanda wenye meno ulibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1940 kwa ajili ya cherehani. Katika miaka ya 1960 ulianza kutumika kuzungusha kemshafti za injini za magari. Gari la Glas 1004 la Ujerumani lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Mwaka 1980 Harley-Davidson ilitoa pikipiki ya Sturgis iliyopeleka nguvu hadi gurudumu la nyuma kwa mkanda wa aina hii.

Kampuni ya BMW ilionyesha kwamba injini moja inaweza kufaa njia zote mbili. Pikipiki zake za barabarani F 800 S na F 800 ST za mwaka 2006 zilikuwa na mkanda. F 800 GS, iliyokusudiwa pia njia za vumbi na mawe, ilipewa mnyororo.

## Nguvu zinazobebwa

Kosa la kawaida ni kuchagua mnyororo au mkanda kwa kuangalia nguvu ya injini katika kilowati. Kinachokata ni mvutano, na mvutano huwa mkubwa zaidi gari linapoondoka au linapotoka kwenye kona ya polepole. Hapo kikomo huwekwa na mshiko wa magurudumu, kwa sababu yakishateleza mvutano hauongezeki sana.

Mfano: magurudumu ya nyuma yanabeba kilo 180 gari linapoongeza mwendo, mgawo wa msuguano wa matairi ni 1.5, na nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.23.

* Nguvu ya kusukuma gari: 180 × 9.81 × 1.5 = takriban newtoni 2,650.
* Nguvu ya kuzungusha kwenye ekseli: 2,650 × 0.23 = takriban newtoni-mita 609.

Sproketi ya meno 36 ya mnyororo wa 520 ina kipenyo cha mm 182 hivi kwenye mstari wa pini, yaani nusu kipenyo cha mm 91. Mvutano wa mnyororo ni 609 ÷ 0.091, ambao ni karibu kilonewtoni 6.7. Minyororo ya 520 ya mashindano kwa kawaida hukatika kwa nguvu inayozidi kilonewtoni 25, kwa hiyo kuna akiba ya kutosha kwa mishtuko ya klachi na ya kubadili gia.

Kwa mkanda wa hatua ya mm 8, uwiano huohuo wa 3 unaweza kupatikana kwa puli ya meno 32 na ya meno 96. Vipenyo vyake ni mm 81 na mm 244. Mvutano unaotokana na nguvu ya kuzungusha hushuka hadi karibu kilonewtoni 5.0, kwa sababu puli ni kubwa. Lakini kwa mkanda ni lazima kuongeza mkazo wa awali unaowekwa wakati wa kufunga, na upana unaofaa husomwa katika jedwali la mtengenezaji wa mkanda.

Mfano huu unaonyesha bei ya mkanda katika nafasi. Kipenyo cha gurudumu lote la gari katika mfano ni mm 460, na puli ya nyuma imechukua zaidi ya nusu yake.

## Ulinganisho

### Kubadili uwiano wa gia

Hapa mnyororo una faida kubwa. Sproketi ya nyuma ya meno 36 ikibadilishwa kwa ya meno 38, uwiano hupanda kwa karibu asilimia 5.6. Sproketi ya mbele ikitoka meno 12 kwenda 13, uwiano hushuka kwa karibu asilimia 7.7. Mnyororo hupunguzwa au kuongezwa vipande, kisha kirekebishi husogezwa.

Mkanda ni kitanzi kisicho na kiungo na huuzwa kwa urefu maalumu. Puli ikibadilishwa, huenda mkanda mwingine ukahitajika, na umbali kati ya mihimili usikubali. Timu ambayo bado haijajua uwiano bora wa gari lake hujifunga mapema ikichagua mkanda.

### Kufunga na kufungua

Mnyororo wenye kiungo cha kufungulia hutolewa bila kugusa difu. Mkanda ni lazima upitishwe kwenye ncha ya mhimili. Kama difu imeshikwa na beringi pande zote mbili, shafti ya gurudumu na kishikio cha beringi cha upande mmoja hutolewa kwanza. Kazi hiyo ni ndogo katika karakana, lakini ni ngumu kati ya mbio moja na nyingine. Baadhi ya timu hufunga mkanda wa akiba karibu na difu tangu mwanzo ili kupunguza kazi hiyo.

### Mkazo na beringi

Mnyororo huwa na upande mmoja uliolegea. Gari likisimama, mzigo kwenye beringi ni mdogo. Mkanda hukazwa muda wote ili meno yasiruke, kwa hiyo beringi hubeba mzigo hata injini ikiwa imezimwa.

Suala hili ni muhimu kwa injini za pikipiki zilizoundwa kwa mnyororo. Mhimili wa kutolea nguvu hutokeza nje ya giaboksi na hushikwa upande mmoja tu. Puli pana husogeza mzigo mbali zaidi na beringi na kuongeza mpindo wa mhimili. Tiba mojawapo ni kuweka beringi ya ziada nje ya puli, lakini huongeza uzito na sehemu za kutengeneza.

### Ugumu wa fremu

Wakati wa kuongeza mwendo, mnyororo au mkanda huvuta injini na difu zikaribiane. Vishikio vikipinda kwa milimita moja, mnyororo hulegea kidogo na kuendelea kufanya kazi. Mkanda wenye kamba za kaboni haunyooki kwa kiasi cha maana, kwa hiyo milimita hiyo moja inaweza kuondoa mkazo wake mwingi. Matokeo ni meno kuruka, na mkanda ulioruka meno huwa umeharibika hata kama bado unaonekana mzima.

Kwa sababu hiyo wasanifu wanaotumia mkanda hupendelea vishikio vya difu vinavyofungwa moja kwa moja kwenye injini, ili mvutano usipite kwenye mabomba ya fremu.

### Unyoofu

Puli au sproketi mbili zinapaswa kuwa katika mstari mmoja. Mikanda yenye kamba ngumu huruhusu kosa la takriban robo ya digrii tu. Mnyororo huvumilia zaidi, ingawa huchakaa upesi na kula ubavu wa meno. Kwa gari lililochomelewa na wanafunzi kwa vifaa vya kawaida, robo ya digrii haipatikani bila kuweka nafasi ya kurekebisha.

### Uchafu

Mchanga hukwangua pini na bushi za mnyororo, na mnyororo huongezeka urefu taratibu. Mkanda hauathiriwi sana na vumbi, lakini jiwe dogo likinaswa kati ya mkanda na puli linaweza kukata kamba za ndani kwa mara moja. Tofauti ni kwamba mnyororo hutoa dalili kabla ya kushindwa, wakati mkanda unaweza kukatika ghafla.

### Mtetemo, kelele na hasara ya nguvu

Mnyororo huzunguka sproketi kama poligoni, wala hauchori duara kamili. Kwa hiyo kasi yake hupanda na kushuka kidogo kila jino linapopita. Kwa sproketi ya meno 12 tofauti hiyo ni karibu asilimia 3.4, kwa meno 16 ni karibu asilimia 1.9. Hii ndiyo sababu sproketi ndogo mno huchakaza mnyororo. Mkanda huenda kwa ulaini na ukimya zaidi.

Kuhusu hasara ya nguvu, mnyororo safi uliotiwa mafuta na mkanda uliokazwa vizuri vyote hupeleka takriban asilimia 97 au zaidi ya nguvu. Tofauti huonekana zaidi mnyororo unapokauka au mkanda unapokazwa kupita kiasi.

### Uzito, bei na vipuri

Mkanda wenyewe ni mwepesi kuliko mnyororo, lakini puli zake ni pana na kubwa. Puli za alumini zisipochongwa vizuri kupunguza nyama isiyohitajika, uzito uliookolewa hurudi.

Mnyororo na sproketi za mbele hupatikana katika maduka ya vipuri vya pikipiki. Sproketi ya nyuma inayofaa difu ya gari huchongwa kwa urahisi kutoka bamba la alumini au chuma. Meno ya puli yana umbo maalumu la kila mtengenezaji, hivyo mkanda wa kampuni moja haufai kila mara kwenye puli ya kampuni nyingine.

## Usalama na kanuni

Mnyororo unaokatika kwa kasi unaweza kupiga tangi la mafuta, mabomba ya breki au mgongo wa dereva. Kwa hiyo magari haya huwekewa ngao ya chuma juu ya njia ya mnyororo.

Kanuni za Formula SAE hutofautisha njia hizo mbili. Ngao ya mnyororo inatakiwa kuwa ya chuma chenye unene usiopungua mm 2.66 na upana usiopungua mara tatu ya upana wa mnyororo. Ngao ya mkanda usio wa chuma inaweza kuwa ya alumini ya 6061-T6 yenye unene usiopungua mm 3.0 na upana usiopungua mara 1.7 ya upana wa mkanda. Toleo la kanuni la mwaka husika ndilo hufuatwa, na mashindano mengine huwa na vipimo vyake.

Kinga ya vidole pia huhitajika mahali ambapo mkono unaweza kunaswa. Kabla ya kugusa mnyororo au mkanda, injini huzimwa. Kwa gari la umeme, mfumo wa volti kubwa hukatwa.

Kushindwa kwa sehemu hii kuna gharama kubwa hata bila majeraha. Katika Formula SAE, mbio za ustahimilivu huwa za kilomita 22 hivi na hubeba pointi 275 kati ya 1,000, na pointi nyingine 100 hutolewa kwa matumizi madogo ya nishati katika mbio hizohizo. Gari lisilomaliza hupoteza sehemu kubwa ya pointi hizo, hata kama lilikuwa la kwanza katika mbio za mita 75.

## Magari ya umeme

Mota ya umeme hubadili hesabu hii kwa namna tatu. Kwanza, mara nyingi hakuna giaboksi ya gia kadhaa, kwa hiyo uwiano ni mmoja na unaweza kukokotolewa mapema. Pili, mhimili wa mota unaweza kusanifiwa au kuongezewa beringi kwa ajili ya puli. Tatu, gari linaporudisha nishati wakati wa breki, mvutano huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mnyororo wenye ulegevu hupiga kila mvutano unapohama, na mkanda uliokazwa haupigi hivyo.

Kwa sababu hizo mkanda hufaa zaidi kwenye magari ya umeme kuliko yale ya injini ya pikipiki. Hata hivyo, mota inayozunguka kwa kasi kubwa hudai uwiano mkubwa, na puli ya nyuma inaweza kukosa nafasi. Timu nyingi zenye mota ndani au karibu na magurudumu hutumia gia za sayari badala ya vyote viwili.

## Namna ya kuchagua

Mnyororo hufaa zaidi ikiwa:

* gari ni la kwanza la timu, au uwiano wa gia bado haujathibitishwa kwa majaribio;
* injini ni ya pikipiki na mhimili wake haujaongezewa beringi;
* nafasi karibu na difu ni nyembamba;
* gari litaendeshwa mahali penye mawe;
* vipuri vinahitaji kupatikana karibu.

Mkanda hufaa zaidi ikiwa:

* uwiano umeshaamuliwa na hautabadilishwa katika msimu;
* injini au mota na difu vimefungwa pamoja kwa vishikio vigumu;
* kuna kirekebishi cha mkazo na kipimo cha kuukagua;
* difu inaweza kufunguliwa kwa haraka, au mkanda wa akiba umewekwa tayari;
* ukimya, usafi au kurudisha nishati kuna umuhimu.

Kama masharti mawili au matatu ya mkanda hayatimizwi, mnyororo kwa kawaida ndio salama zaidi.

## Matunzo

Mnyororo hukaguliwa kwa kupima urefu wa vipande kadhaa ukiwa umevutwa. Kwa kawaida hubadilishwa kabla urefu haujaongezeka kwa asilimia 2, na sproketi zilizochakaa hubadilishwa pamoja nao, kwa kuwa meno yaliyopinda huharibu mnyororo mpya. Ulegevu hupimwa mahali ambapo mnyororo umekaza zaidi katika mzunguko wake, maana sproketi haiwi duara kamili.

Mkanda hukaguliwa kwa kutafuta meno yaliyopasuka, nyuzi zinazotokeza pembeni na alama za mawe. Mkazo hupimwa kwa kuusukuma kwa nguvu inayojulikana au kwa kusikiliza mlio wake unapogongwa. Mkanda haupaswi kukunjwa, kupindwa wala kulazimishwa kwa bisibisi kuingia kwenye puli, kwa sababu kamba za kaboni huvunjika ndani bila kuonekana nje.

## Tazama pia

* Pikipiki
* Giaboksi
* Difu
* Karti
* Formula SAE
* Gari la umeme